Misumari ya Habumugisha

Habumugisha aliipata baiskeli yake kwenye mnada wa kanisani, na siku hiyo watu walicheka mpaka mchungaji akagonga meza. Mnada wetu wa baada ya ibada kila mtu anaujua: mayai, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, na wanaume wanaopandishiana bei kwa majivuno tu. Jumapili ile ikatolewa baiskeli iliyoachwa na wageni wa usharika rafiki, watu wa nchi za baridi. Matairi yake yalikuwa na misumari mifupi ya chuma mzunguko mzima, kama upele. Usukani ulivalishwa mifuko miwili ya manyoya ya kutia mikono. Mchungaji akaeleza kwamba huko kwao barabara inaganda barafu, na tairi lisilo na misumari linakuangusha.

Hakuna aliyetaja bei. Placidius akapaza sauti kutoka benchi la nyuma: "Mpeni Habumugisha, akaipandie kwao!"

Kwao ni hapa hapa, Kituntu. Baba yake ndiye aliyevuka mpaka kutoka Rwanda, akalima vibarua mpaka akafa. Habumugisha alizaliwa kitongojini kwetu, akabatizwa kwenye kanisa lile lile walimomcheka. Alisimama, akatoa majogoo wawili, akaikokota baiskeli yake akaenda zake bila kugeuka. Mimi nilipenda vile alivyoenda.

Nyumba yangu na yake zinatenganishwa na migomba michache, kwa hiyo niliona alichokifanya. Alikata ile mifuko ya manyoya akampa mkewe, Kayitesi, ambaye mimba yake ilikuwa changa bado, amshonee mtoto kofia. Akaondoa keria ndogo ya kiwandani, akafunga ya mti wa mkaratusi, ndefu na pana, kwa nondo na mipira ya tyubu. Madigadi akayainua juu ili udongo usisakame. Akatafuta viatu vipya vya breki, maana alisema mteremko wetu si wa kuchezea. Hapo alisema kweli. Mteremko wetu ni udongo mwekundu mtupu, na ukilowa hata mbuzi huteleza akaukalia. Chini yake ndiko barabara kubwa na zahanati. Bodaboda wakati wa mvua wanaishia huko chini, ukiwapigia wanakucheka kwenye simu.

Wengine tulidhani anataka biashara ya ndizi. Alibeba ndizi, ndiyo, na misumari ile ilishika udongo mgumu vizuri kuliko tulivyotaka kukubali. Ila moyo wake ulikuwa kwenye engozi.

Engozi ni machela yetu ya kusuka. Mgonjwa akizidiwa, au mama akishikwa na uchungu, wanaume wanne wanaiweka begani kwa miti yake, wengine wanafuata wakipokezana, na wanashuka naye mpaka chini. Chama cha engozi ndicho kinachokubeba, na usipokuwa mwanachama hubebwi. Mwenyekiti wake ni Mzee Kahigi. Kwa Mzee Kahigi nafasi ya bega ni ya ukoo: baba alishika mti, mwana anashika. Baba yake Habumugisha hakushika, kwa sababu hakuna aliyemruhusu. Basi mwana naye ashike wapi?

Kayitesi alikuwa amepoteza mimba mbili kabla ya hiyo. Mganga wa zahanati alimwambia asithubutu kujifungulia nyumbani. Habumugisha aliniambia siku moja akiwa anakaza spoku: "Mama, baiskeli inabeba mtu aliyekaa. Mwenye uchungu hakai. Mimi nataka engozi tu, hata wakinipa nafasi ya mwisho."

Alikwenda kwa Kahigi kuomba. Kahigi alikuwa barazani anakoboa maharage.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na ile ya miiba?"

Habumugisha akasema shida yake yote amesimama, maana hakupewa kiti. Kahigi akamjibu huku anacheka: "Siku ukimbeba mtu wangu mahali engozi itakaposhindwa, nitakuandika."

Mdomo ukimponza mtu, unamponza. Mwezi wa kumi ikaja mvua ya mawe ambayo sijawahi kuiona. Ilichana migomba ikabaki fito, na ilipokatika mteremko wote ulikuwa mweupe, mawe ya barafu yamelaliana mpaka kwenye vifundo vya miguu. Baridi ile ikamwamshia pumu Bibi Mackrine, mama yake Kahigi. Midomo ilimgeuka rangi. Wakamtia kwenye engozi, na hata nusu ya mteremko hawakufika: wa mbele aliteleza, wa nyuma akamwangukia, na bikizee akabingirika kwenye barafu kama gunzi. Wanaume wanne wazima wakabaki wamekaa chini, hawawezi hata kusimama vizuri.

Habumugisha akaja na baiskeli yake. Alimkalisha bibi kwenye keria, akamfunga mgongoni mwake kwa kanga mbili, maana mwenye pumu anataka kukaa wima. Alitoa upepo kidogo kwenye matairi ili yakae chini vizuri, akashuka anaikanyaga polepole, mguu mmoja chini, breki ya nyuma tu. Tulisikia misumari ikitafuna barafu, krr, krr, mpaka akapotea kwenye kona. Bibi Mackrine yupo hai mpaka leo, na anakula vizuri.

Ungedhani hapo mambo yamekwisha. Mimi nilidhani hivyo, nikamwambia Kayitesi ashone ile kofia bila wasiwasi. Lakini kuna watu ambao ukiwatendea wema mbele ya macho ya wengine umewaudhi, na Kahigi ni mmoja wao. Hakumsamehe Habumugisha kwa kumwokoa mama yake. Nasema hivi wazi, na akitaka aje aniulize.

Kwenye kikao alisema: "Ahadi ni ahadi, tutamwandika. Lakini misumari yake inachimba njia, na njia hiyo ndiyo ya engozi. Mtu wetu atajikwaa kwenye vishimo vyake. Aitoe kwanza."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Placidius, aliyekuwa ameangukiwa siku ile na bado anachechemea, ndiye aliyeitikia kwa nguvu zaidi.

Habumugisha akaenda na baiskeli na plaizi uani kwa Kahigi, wakamwona anang'oa. Misumari ile imezama kwenye mpira, kila mmoja unavutwa kwa kuzungushwa, na viganja vyake vilichubuka. Aling'oa wote, matairi yote mawili, kutwa nzima. Alipomaliza akaijaza kwenye kopo. Kahigi akalichukua lile kopo, akalimwaga kwenye shimo la choo, akasema asiwe na wasiwasi, jina lake litasomwa kikao kijacho. Kikao kijacho kikasogezwa mpaka baada ya kahawa. Baada ya kahawa akafiwa mtu, kikaahirishwa. Kila Jumapili Habumugisha alimsubiri Kahigi mlangoni pa kanisa, na kila Jumapili alipigwa bega na kuambiwa avumilie.

Uchungu ulimshika Kayitesi mchana mmoja wa mwezi wa nne, mvua ikinyesha siku ya tatu mfululizo. Nilimpima kwa macho nikaona mtoto amekaa vibaya. Habumugisha alikimbia kwa Kahigi. Engozi ilikuwa inaning'inia barazani pale pale, na wanaume walikuwa wamejikinga mvua chini yake.

Alirudi peke yake. Alinieleza kwa maneno machache huku anafunga ubao kwenye keria: Kahigi amesema jina halijapita kwenye kikao, hawezi kuvunja utaratibu kwa ajili ya mtu mmoja. Halafu amesema, "Si una baiskeli?"

Tulimlaza Kayitesi ubavu juu ya ubao, tukamfunga kwa shuka. Habumugisha alishika usukani, mimi nikamshika mgonjwa kiunoni. Matairi yalikuwa laini, vitundu vya misumari vimejaa udongo. Hatua za kwanza zilikwenda. Pale pale engozi ilipoanguka siku ya barafu, gurudumu la nyuma likahama. Habumugisha alitupa mwili wake chini ili baiskeli imwangukie yeye, na ilimwangukia, lakini ubao ulipinduka na Kayitesi akaangukia tumbo. Alipiga kelele mara moja. Nilipiga kelele mimi, nikatazama juu, nikaona watu wamesimama kando ya migomba wanatuangalia, na hakuna aliyeshuka.

Alifia pale kwenye udongo, na mtoto ndani yake. Damu iliteremka na maji ya mvua.

Ndipo wakashuka. Chama chetu kinajivunia kwamba hakikatai maiti, hata ya asiye mwanachama. Mbele ya mchungaji ingekuwa aibu. Walikuja na engozi, wamekunja suruali, wanakanyaga kwa vidole kama walivyofundishwa na baba zao, na hakuna aliyeteleza. Walimweka Kayitesi ndani, wakamfunika vizuri.

Kahigi aliwapanga. Nafasi ya nyuma aliiacha wazi, akamwita Habumugisha aliyekuwa bado amekaa karibu na baiskeli.

"Njoo ushike hapa, mwanangu. Leo umeingia."

Habumugisha aliinuka. Nilitaka aokote jiwe. Aliingia chini ya mti, akauweka begani.

"Bega la kulia," Kahigi akamwambia. "Wenzako wote wamebeba la kulia."

Akahamisha.