Msaada wa Semeni

Kila asubuhi Kasiani, mwenye shamba la nyanya huku juu ya Mlali, alimwamkia Semeni shikamoo kwa adabu zote, na kila jioni akampa elfu tano kwa kushusha matenga ya nyanya hadi barabarani. Wanaume walioshusha matenga yale yale kwa njia ile ile walipata elfu nane.

"Wale ni vibarua," Kasiani alisema. "Nyie kina mama mnasaidia tu."

Maneno ya namna hiyo Semeni alikua akiyasikia. Mama yake alifanya kazi kwenye mkonge, akaambiwa mwanamume hulipwa zaidi kwa kuwa ana familia. Semeni naye alilea watoto peke yake, mume kahamia Mikese kwa mwanamke mwingine, na hakuna tajiri aliyewahi kumwongezea hata mia kwa ajili ya familia. Ilimchoma sana. Ila alikuwa mtu wa mizaha, na uchungu wake mara nyingi ulitokea mdomoni kama kicheko.

Siku hiyo lori lilikuwa barabarani, dereva ana haraka ya kuwahi soko Dar. Semeni alifika nusu ya mteremko na tenga lake kichwani, akalitua kando ya njia, akakaa, akanyoosha miguu. Mwanvita, aliyekuwa nyuma yake, akatua lake. Wanawake wote wakatua.

Kasiani akateremka mbio. "Mama Shadya, kuna nini?" akamuuliza Semeni.

"Hakuna kitu, baba. Nimeshasaidia."

"Umesaidia nini, na tenga liko hapa?"

"Kumaliza ni kwa kibarua. Anayesaidia huishia pale anapochoka."

"Mimi leo nimesaidia mpaka nimejishangaa," Mwanvita akadakia.

Kasiani akawaita wanaume wayachukue matenga. Wanaume wa pale hubeba begani, na njia hiyo upande mmoja ni ukuta wa udongo, hivyo wao huenda taratibu. Lori likapiga honi, na Hamza, mmoja wao, akaharakisha; hakufika mbali. Tenga likagonga ukuta, likapinduka, nyanya zikashuka kuelekea kijitoni kama vifaranga waliofunguliwa banda.

"Zikamateni!" Kasiani alipiga kelele.

"Tusaidie kuzikamata?" Semeni aliuliza kwa upole.

Wanawake walicheka hadi wakashikana. Hata Hamza, amekaa chini anajisugua bega, alishindwa kujizuia. "Bosi, walipe hawa. Mimi kichwa changu hakijui kubeba, na bega ndilo hilo umeliona."

Lori likapiga honi mara ya pili.

"Haya," Kasiani akasema. "Elfu nane."

"Ya nani?"

"Yenu."

"Sisi ndio nani?"

Kasiani akatazama barabarani, akatazama nyanya zake. "Vibarua," akasema. "Vibarua wangu, jamani, nyanyukeni!"

Mapunjo ya miaka iliyopita Kasiani hakuyagusa, wala Semeni hakutegemea. Aliinuka, akapanga ngata yake kichwani, Mwanvita akamtwika.

"Basi tupishe njia, baba," akasema. "Watu wako kazini."