Vipele vya Kompyuta ya Baba Mkwe

Shule niliishia kidato cha pili. Mimi nayo tuliachana kwa amani. Mama mkwe wangu hakuniuliza cheti. Alinipa chumba cha mbele cha nyumba yake hapa Ihanda nitengenezee redio na simu, na mchana ananiletea sahani ya ebitoke, yaani ndizi zilizopikwa na maharage. Basi alipoenda Kamuli kumsalimia dada yake, nikasema ngoja nimfurahishe: nitaing'arisha kompyuta ya marehemu mume wake.

Ni ya zamani, kichwa kikubwa kama kabati. Mzee alikuwa anachapia hesabu za kahawa. Haiwaki tena, iko sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, imeshakuwa ya njano. Nikachukua stiliwaya na majivu, nikasugua ubavu mmoja kama sufuria, maana huku kwetu sufuria isiyong'aa ni aibu ya nyumba. Ikang'aa! Nikamwita mke wangu aje anisifu.

Akapitisha kiganja. "Baba watoto, vipele viko wapi?"

"Vipele gani?"

"Hii plastiki ilikuwa na vipele vidogo vidogo, kama ngozi ya mtu mwenye baridi. Mama siku hizi haoni vizuri. Kila asubuhi anaishika hapa, ndivyo anavyomsalimia baba. Sasa wewe umempa mzee upara."

Nikakaa chini kufikiri jinsi ya kuvirudisha.

Ukipaka rangi kwa brashi inalala laini, haisaidii. Nikakumbuka fundi anavyorushia ukuta saruji ili uwe na chembechembe. Nikachanganya rangi mpaka ikafanana na ile ya njano, nikaiacha iwe nzito, nikachovya mswaki wa zamani na kuukwangua kwa kidole gumba ili rangi iruke. Nilijaribia kwenye mfuniko wa ndoo; matone yakawa makubwa, mfuniko ukaugua surua. Nikasogea nyuma, nikapunguza rangi, yakawa madogo. Ndipo nikahamia kwenye kompyuta, tabaka juu ya tabaka, kila moja likikauka kwanza juani kando ya kahawa iliyoanikwa. Mke wangu anafukuza kuku huku ananicheka: "Padri wa mswaki, nibariki na mimi!"

Bodaboda ikamleta mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu."

Akaenda moja kwa moja sebuleni, akafunua kitambaa. Mimi na watoto wangu wote tumejificha nyuma ya mlango. Mkono wake ukapita, ukasimama, ukarudi.

"Huku ni kwake," akasema. "Na huku?"

Nikajitokeza. "Huku ni kwangu, mama. Nilisugua nikaharibu, nikajaribu kurudisha."

"Vyako vinakwaruza."

"Naweza kuvilainisha."

"Viache. Yeye alikuwa mpole, wewe una kelele. Nitawasalimia wote wawili." Akafunika kitambaa. "Umekula?"

Siku hizi asubuhi nikimsikia anaingia sebuleni, nazima redio ninayotengeneza, natulia huku mbele mpaka na mimi nisalimiwe.