Nzioki na Siri za Diski

Ndegwa wa mbao aliingia dukani kwa Nzioki, pale Ruiru karibu na stesheni, kununua siku moja ya kamera. Gachau, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa anaoa kwa Wakamba wa Ngoliba, mashariki ya Thika, na Ndegwa ndiye aliyekuwa msemaji wa posa. Wazee walitaka diski, kitu cha kushika mkononi, si video ya kurushiana kwa simu.

"Elfu kumi na tano," Nzioki alisema bila kugeuka. Alikuwa ameelekeza rimoti kwenye runinga.

"Sita."

"Kumi."

"Saba, na usinichoshe."

"Nane, niache nibonyeze hapa."

Ndegwa alishtuka. Mtu anayeteremka elfu saba kwa pumzi moja ama ana njaa ama ana wazimu, na huyu tumbo lake halikuonyesha njaa. Nzioki akabonyeza kushoto, kushoto, chini. Jemadari wa sinema ya vita, ambaye alikuwa amekwisha kufa kishujaa, akatokea tena, mguu umekwama kwenye ndoo, wanajeshi wake wakimcheka.

"Umeona? Waliificha! Nimeitafuta tangu Jumatatu."

"Na inakuletea pesa ngapi, hiyo ndoo?"

Nzioki hakuelewa swali. Alichukua daftari akaandika: ya mia tatu na kumi na moja.

Alianza ujana wake kwenye kibanda cha video mjini Thika, kazi yake kubadilisha diski. Siku moja alikosea kitufe katikati ya watu sitini, na badala ya sinema wakaona mpishi wa waigizaji akigombana na mbuzi. Watu walikifurahia kituko hicho kuliko sinema yenyewe. Tangu hapo hakuamini diski yoyote. Sasa alikuwa na miaka arobaini na saba, na duka lenye diski elfu mbili ambazo hakuna anayenunua. Alikula kwa kupiga picha harusi na matanga. Alijua kwamba watengenezaji huficha vituko nyuma ya ile picha ya mwanzo yenye vitufe, wala hawaandiki popote. Unatafuta mwenyewe, ama unakosa.

"Nane bila nyongeza ni wizi," Ndegwa alisema akiwa mlangoni. Hakuwahi kutoka duka lolote bila nyongeza, hata la dawa.

"Nitakuwekea kitu ndani ya diski."

"Kizuri?"

"Utafurahi mwenyewe, mzee."

Siku ya posa Nzioki alibandika maiki ndogo kwenye koti la Ndegwa na nyingine kwenye koti la mzee Kimeu, ami yake bibi harusi Nzilani na msemaji wa upande wao. Wageni walitoa mbuzi watatu wa kufunga neno, ambao Wakamba huwaita ntheo. Ilipofika mahari yenyewe, Kimeu akataka mbuzi hamsini. Ndegwa akasema kumi na tano. Kila upande ukatoka nje kwenda ndundu, kunong'onezana pembeni. Wa Ndegwa walijificha nyuma ya tangi la maji. Walirudi na msimamo ule ule, kikao kikaahirishwa wiki tatu.

Zikiwa zimebaki siku nane kikao kirudi, Ndegwa alikwenda kuchukua diski yake.

"Sasa nyongeza," Nzioki alisema, uso umemeremeta. "Nenda kwa picha ya mbuzi. Bonyeza kushoto mara tatu."

Tangi la maji likatokea, na viatu vinne chini yake. Kisha sauti ya Ndegwa, safi kama ya redio: "Tukazane kwa kumi na tano. Tukibanwa kabisa, mwisho wetu arobaini, na asitamke mtu. Halafu hiyo muthokoi yao, hayo mahindi ya kukoboa, jamani, nimeila kwa imani tu."

Ndegwa alikaa kwenye kreti.

"Si ni tamu?" Nzioki aliuliza.

"Na hao wa Ngoliba, diski yao iko wapi?"

"Niliwapelekea jana."

"Hii imo?"

"Diski ni moja. Lakini haki ya Mungu, sijawaambia. Mtu hutafuta mwenyewe."

"Nani ameshika rimoti kule?"

Nzioki alifikiri. "Mama Nzilani. Ana kidole kizuri."

"Wewe Mkamba umeniuza kwa Wakamba wenzako!"

"Mzee, mimi ni wa kamera tu."

Ndegwa akainua macho polepole. "Kimeu pia alikuwa na maiki."

Nzioki akaanza kupanga kava ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Imo?"

"Imo. Lakini sisemi iko wapi. Hata kwao sikusema."

"Elfu moja."

"La."

"Elfu tatu! Tangu lini wewe unakataa pesa?"

"Bei ya kamera tunaongea, mzee. Hii hatuongei."

Jumapili baada ya kanisa Ndegwa alifunga mlango wa sebule yake kule Theta na kubonyeza. Alijaribu mbuzi, tangi, soda, kofia ya Kimeu.

"Baba Ciku," mkewe Warigia aliuliza, "hiyo mbuzi imekukosea nini?"

"Leta chai, uache maswali."

Chai ilipokuja aliweka rimoti chini, na picha ya mwanzo ikajizungukia yenyewe. Kuku akakatiza uani. Ndegwa akaruka, akabonyeza juu ya kuku.

Sauti ya Kimeu ikatoka: "Tusimame kwa hamsini. Lakini wakishindwa, ishirini na nne tupokee. Harusi imetangazwa kanisani, mnataka tuaibike?"

Jumamosi ilipofika, kabla hata maombi hayajakauka midomoni, Mama Nzilani alisimama. "Kuna faini ya mbuzi mmoja. Kuna mtu hula muthokoi yetu kwa imani."

Kumbe alikuwa amepata. "Nalipa," Ndegwa alisema. "Na mzee Kimeu asiwe na wasiwasi. Hatutaki mtu aaibike kanisani."

Kimeu alikohoa kikohozi kirefu. Wakatazamana.

"Arobaini," Kimeu alisema.

"Ishirini na nne."

"Basi thelathini na mbili."

"Thelathini na mbili."

Ilikuwa saa tano kasorobo. Wapishi walikuwa wamehesabia mazungumzo mpaka alasiri, kwa hiyo nyama ilikuwa bado inatembea uani. Wazee waliokuja na hotuba na mafumbo walibaki wakitazama viatu vyao, njaa ikiwauma. Nzioki, aliyenyang'anywa maiki zote getini, alipiga picha ya watu kimya kwa saa nne.

Ndegwa alitoka na thelathini na tatu, faini ikiwemo: saba chini ya mwisho wake, ingawa mpaka leo anaapa kwamba bila ile diski angewashusha mpaka ishirini na nne. Kimeu alipata tisa zaidi ya alivyokuwa tayari kupokea, na anaapa kwamba angefika arobaini. Gachau na Nzilani walioana. Kazi ya kupiga picha harusi ilipewa kijana mmoja wa Juja, kwa hivyo Nzioki akakosa elfu ishirini. Lakini mwezi huo huo alipigiwa simu na familia tatu za Ngoliba zinazongoja wageni wa posa, na zote tatu, zikiwa upande wa binti, ziliuliza kwanza habari za maiki.