Mbuzi Waliorejeshwa

Salha Marijani alipanda ngazi zote za kazi yake bila kuomba hata moja. Alirudi Karatu na shahada ya kwanza akitafuta mahali pa kukaa asome, akapewa darasa la kufundisha chuoni. Mkufunzi wa maendeleo ya jamii akaenda masomoni nje asirudi; Salha akapewa somo lake. Mkuu wa idara akastaafu katikati ya mitihani, na kwa kuwa Salha ndiye pekee aliyejua funguo za kabati zinakaa wapi, akapewa na idara. Watu wa mjini waliomwona akipita na mafaili kifuani, mtandio umeteleza, miwani imefunikwa na vumbi, walidhani anajua anakokwenda.

Sasa walitaka awe Naibu Mkuu wa Chuo.

"Madam, nafasi ni yako," Daktari Julius, mkuu wa chuo, alimwambia Jumatatu asubuhi. Alikuwa mtu wa kijiji cha Buger, mwenye sauti nene, na alipenda kuongea akiwa amesimama. "Bodi inakaa Ijumaa. Wanakusifu mpaka wananichosha. Kimebaki kitu kimoja tu."

Akasukuma karatasi mezani. Salha aliitambua kabla hajaivuta, maana aliitunga mwenyewe. Ilikuwa fomu ya mradi wa mbuzi.

Mradi huo aliuandika kwa ajili ya shahada ya pili, akiwa amekaa nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, pale pale alipokulia akikunja mashuka ya wafugaji. Kanuni ilikuwa rahisi. Mwanamke anapewa mbuzi jike. Mbuzi akizaa jike, na mtoto akiacha kunyonya, anarejeshwa kikundini apewe mwanamke anayefuata kwenye orodha. Wanawake kumi na tano wa Nainokanoka, kule juu kwenye baridi ya Ngorongoro, walipewa mbuzi. Kumi na tano wengine wakabaki kwenye orodha wakingoja. Chuo kiliweka picha ya mradi kwenye kalenda yake: Salha ameshika kamba, anatazama chini.

Miaka miwili ilikuwa imepita. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Mbuzi waliorejeshwa," nacho kilikuwa kitupu.

"Nipe majina ya awamu ya pili," Daktari alisema. "Yale kumi na tano. Basi."

"Sijui kama wamepata, Daktari."

"Kwani mbuzi hawazai huko?"

"Wanazaa. Nasikia wanazaa sana."

"Sasa?"

"Sijui."

Daktari alicheka. "Mtaalamu ni wewe, Madam. Nenda ukawaulize mbuzi."

Mtu angeweza kusema kwamba Salha hakuitaka nafasi ile, na mwenyewe angekubali nusu. Vikao vilimtia jasho. Hakupenda kukaa meza ya mbele. Lakini mwisho wa korido ya chuo kulikuwa na chumba kilichofungwa, na ndani yake maboksi ya vitabu vya msaada ambayo hayajafunguliwa tangu siku yalipopakuliwa. Kila alipouliza, aliambiwa chumba kile kitafunguliwa siku chuo kitakapopata naibu mkuu. Alikuwa ametazama ndani kupitia kioo cha mlango mara nyingi mno. Boksi moja lilikuwa limepasuka pembeni, na kitabu kimoja kilionyesha mgongo wa bluu. Alikuwa anakitaka kitabu kile bila hata kujua ni kitabu gani.

Jumatano akapanda Nainokanoka na gari la chuo. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliendesha akiwa amewasha taa mpaka karibu na saa sita mchana.

"Pakine!" wanawake waliita walipomwona akishuka.

Jina hilo alilijua. Nanyokie, mwenyekiti wa kikundi, alishamweleza mwaka wa kwanza kwamba aliyekupa mbuzi humwiti tena kwa jina lake. Unamwita Pakine, naye anakuita hivyo hivyo. Salha aliliandika kwenye daftari, chini ya "mila na desturi," akapiga mstari.

"Shikamoo, yeyo," alimwamkia Nanyokie, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Marahaba. Umekonda, mwalimu. Huko mjini mnakula karatasi?"

Waliketi kwenye jua dogo lililojitokeza kando ya boma. Salha alikunywa chai ya maziwa mpaka ikaisha, kisha akauliza alichokuja kuuliza: watoto wa mbuzi wako wapi?

"Wapo."

"Wapo wapi?"

"Wa Sintamei alikwenda kwa wifi yake aliyeunguliwa nyumba. Wa Nareyu yuko Endulen, kwa mwanamke aliyemuuguza mama yake hospitalini. Wangu nilimpeleka kwa jirani ambaye tulikuwa hatusalimiani. Sasa tunasalimiana." Nanyokie aliendelea hivyo kwa muda mrefu. Salha alijaribu kuandika, akaacha. Mbuzi walikuwa wamezagaa kila upande, wengine wameshapata wajukuu, na katika wote ni wanne tu walioangukia majina ya kwenye orodha, tena kwa bahati.

"Lakini, yeyo, orodha..."

"Orodha ipo!" Nanyokie alichomoa mfuko wa plastiki kifuani, akatoa karatasi safi iliyokunjwa mara nne. "Tumeitunza vizuri sana."

"Watoto walitakiwa warudi kikundini. Mbuzi hawakuwa wangu, walikuwa wa chuo."

"Chuo kina mikono? Mimi mikono niliyoiona ni hii." Akamshika Salha viganja vyote viwili na kuvigeuza, kama anayewaonyesha wenzake.

Ndipo Salha alipokumbuka. Kwa mujibu wa mwongozo alioutunga mwenyewe, mbuzi walipaswa kukabidhiwa kwa kikundi chote, mwenyekiti apokee kwa niaba ya wote. Lakini siku ile afisa mifugo alichelewa kwa ukungu, mvua ikaanza, na Salha akaona haya kuwaweka watu wazima kwenye mvua kwa ajili ya utaratibu wake. Akachukua kamba mojamoja akawapa wenyewe mkononi. Kazi yote haikuchukua hata nusu saa.

"Mtu akikupa mbuzi kwa mkono wake, ni mtu wako mpaka unakufa," Nanyokie alisema, taratibu, kama anamfundisha mtoto kuhesabu vidole. "Humrudishii. Ukimrudishia unamwambia, nimekuchoka, tuachane. Na mtoto wa mbuzi yule unampeleka kwa mtu unayetaka naye awe wako. Huendi kumpa mtu kwa sababu karatasi imesema."

"Nikimwomba Nailantei mmoja tu? Ili bodi wamwone?"

Nailantei, mmoja wa wale kumi na tano waliopewa mbuzi, alikuwa ameketi mwisho kabisa, mwanamke mkimya aliyekuwa akitunga shanga bila kuinua uso. Mkono wake ulisimama.

"Ukimdai atakupa, leo hii," Nanyokie alisema. "Halafu kuanzia kesho atakuita Salha."

Kisha Nanyokie akauliza bodi ni nani, na wakiona majina watamfanyia nini. Salha akaeleza. Akaeleza na chumba cha vitabu, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Basi andika," Nanyokie alisema. "Tutaweka dole gumba wote. Wakija tutasema tulipokea kwa zamu, kama shule. Sintamei atawalilia machozi ya furaha, anaweza."

"Naweza sana," Sintamei alisema, na akaanza hapo hapo. Wenzake wakacheka hadi mmoja akamwaga chai.

Salha naye alicheka, lakini kichwa chake kilikuwa kimevurugika kabisa. Kwa miaka mitatu alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi akifundisha namna ya kuwajengea watu umoja. Umoja ndio huu sasa, uko tayari kumdanganyia bodi nzima, wala haukuingia kwenye kisanduku chochote alichowahi kuchora. Akawaambia hapana, asanteni. Hakuweza kueleza kwa nini hapana.

Alipofika kwenye gari alimkuta Nailantei amesimama mlangoni na mbuzi jike mdogo, mweupe mwenye masikio meusi, mimba imeshaanza kuonekana tumboni. Nailantei hakutoa hotuba. Alimtia Salha kamba mkononi, akasema, "Pakine," akaondoka.

"Madam," dereva alisema, "huyo atakojoa kwenye gari la chuo."

Kesho yake mbuzi alilia nyuma ya duka tangu asubuhi. Mzee Marijani alitoka kumtazama, futi kamba yake bado shingoni.

"Huyu ni wa kazini au wa kuchinja?"

"Ni wangu, Baba. Nimepewa."

"Umepewa kwa ajili ya nini?"

"Hilo ndilo sielewi vizuri."

Simu ikalia. Habari zilikuwa zimeshashuka mlimani. "Nasikia umerudi na mbuzi!" Daktari Julius alinguruma. "Mmoja anatosha, Madam! Andika mmoja, mmoja ni mwanzo!"

Salha alikaa na fomu kwenye kaunta, kati ya marobota ya mashuka. Ilikuwa tarakimu moja tu, kijistari kimoja cha kalamu. Akikiandika, zawadi ya Nailantei inageuka kuwa malipo. Nailantei hajui kusoma, wala fomu ile haitafika Nainokanoka. Hakuna ambaye angejua. Ni hilo lililomchanganya kuliko mengine yote. Alijaribu kufikiria mtu ambaye angeumizwa na kijistari kile, akampata mmoja tu, na huyo alikuwa mwenyewe. Alikumbuka kitabu chenye mgongo wa bluu. Kisha akaandika sifuri.

Mbele ya bodi aliongea vibaya. Aliyaeleza yote akiitazama meza, si watu.

"Sifuri?" mwenyekiti aliuliza mara mbili. "Kwa hiyo mradi umefaulu au umeshindwa?"

"Mbuzi wapo, mheshimiwa. Wameongezeka. Ila hawakurejeshwa."

"Sijauliza hivyo."

"Basi sijui, mheshimiwa."

Mjumbe mmoja aliandika jibu hilo. Unaibu akapewa mwalimu wa uhasibu, mtu mwema, ambaye chumba cha vitabu hakikuwa kwenye mawazo yake. Salha alimpongeza, akaenda kufundisha kipindi chake. Hakuweza kutambua kama alichobaki nacho ni huzuni au nafuu. Kwa siku kadhaa alikuwa akikigusa tu, kama jino linalolegea.

Mbuzi akazaa mapacha, dume na jike. Jike alipoacha kunyonya, Salha akamfunga kamba, akavuka naye barabara kuu asubuhi kweupe, watu wakitazama, akaingia naye ofisini kwa mkuu wa chuo.

Daktari Julius alisimama, japo tayari alikuwa amesimama, yaani alijinyoosha. "Huyu ni wa awamu ya pili?"

"Hapana. Ni wako."

"Nisaini wapi?"

"Hakuna pa kusaini, Daktari."

"Sasa mimi natakiwa kurudisha nini?"

"Hurudishi."

Aliipokea kamba kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe. Alimtazama mbuzi, akamtazama Salha, akafungua droo, akaifunga. "Mama yangu kule Buger atafurahi," alisema hatimaye, sauti imepungua. Salha alikuwa ameshafika mlangoni alipoitwa.

"Madam. Kile chumba cha mwisho wa korido. Funguo anazo nani?"

"Unazo wewe, Daktari."

"Mimi?"

"Tangu mwanzo."

Daktari Julius akabaki hapo katikati ya ofisi, kamba mkononi, mbuzi akitafuna pembe ya kalenda ya chuo, macho yake yamerudi kwenye ile droo.