Kamati ya Chipu

Nilipopata kazi yangu ya kwanza ya uhandisi, katikati ya miaka ya 2010, watu walinipa pole badala ya hongera. Kampuni yetu ilitengeneza chipu za kompyuta, yaani ule ubongo unaofanya hesabu zote ndani ya mashine, na kila aliyekuwa kwenye fani alijua kwamba ilikuwa mahututi. Kulikuwa na kampuni nyingine, kubwa, iliyoshika karibu soko lote. Sisi tuliokota makombo. Mimi mwenyewe nilipohitimu chuo hapa Minnesota niliomba kwanza kwa hao wakubwa, wakanikataa bila hata kunihoji. Basi nikaenda kwa wadogo, na sitaficha kwamba nilienda na hasira. Nilitaka siku moja wakubwa wakose usingizi kwa sababu yangu.

Ofisi yetu ilikuwa Golden Valley, tawi dogo lenye maabara moja na zulia lililochakaa, katikati ya majengo ya makampuni yenye pesa zao. Kazi yetu ilikuwa kupokea chipu mpya kutoka kiwandani na kuzitesa mpaka zikiri makosa yake. Makao makuu yalikuwa jimbo jingine, mbali, nayo yalikuwa yameshatuambia bila kuzunguka: chipu mpya ya seva, yaani kompyuta kubwa zinazohudumia kompyuta nyingine, ikishindwa kupata mteja mkubwa, tawi linafungwa. Kwangu hilo lilikuwa na maana moja. Kibali changu cha kufanya kazi Marekani kilifungamana na kazi ile. Kazi ikifa, mimi na mume wangu tungefunga nyumba yetu ya kupanga kule New Hope, tumtoe binti yetu shule, turudi Dar es Salaam. Sina ugomvi na Dar. Nilikataa tu kurudi kwa kufukuzwa.

Bosi wetu alikuwa mzungu mtu mzima, mzaliwa wa Saint Paul, ambaye tangu ujana wake alikuwa akiunda kompyuta kubwa katika mji huo na mji pacha wake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku alipotuambia kwamba kampuni moja ya Saint Paul, yenye ukumbi mzima wa seva, imekubali kushindanisha mashine yetu na ya wakubwa, mimi nilishangilia. Yeye alitazama dirishani.

"Wameshatuita huko nyuma," alisema. "Wanatuita ili wawaambie wale wengine kwamba sisi tupo, wapunguziwe bei."

"Na wakapunguziwa?"

"Hata kidogo. Nani atuogope sisi?"

Jibu lile lilinichoma kuliko barua ya kukataliwa kazi. Kutumiwa kama kitisho ni jambo moja. Kutumiwa kama kitisho halafu usimtishe mtu yeyote ni fedheha.

Chipu za kwanza zilifika wakati wa baridi, theluji imefika magotini kwenye maegesho. Tulizifunga kwenye mashine ya majaribio, tukaiwasha, tukaipa kazi, tukasoma majibu, kisha tukafunga mlango na kurudia kipimo kwa sababu hakuna aliyeamini macho yake. Ilikuwa na kasi. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe niliona watu wazima wakitembea haraka kwenye korido. Halafu, baada ya saa kadhaa za kazi nzito, ikaganda. Tukaiwasha tena, ikaganda tena. Wakati mwingine ilikaa siku nzima ikiwa buheri wa afya, tukaanza kujipa moyo, na hapo hapo ikazimika kama iliyokuwa na ugomvi nasi.

Tulikuwa na vikundi vitatu: watu wa umeme, watu wa kumbukumbu ya mashine na watu wa programu ya kuiwashia. Kila kikundi kilipima sehemu yake na kukuta kwamba ni safi. Sasa, watu wa Minnesota hawagombani. Watakuandikia ujumbe wa heshima wakisema jambo hilo "linavutia," na maana yake ni kwamba kosa ni lako. Wiki zilipita tukiandikiana heshima. Nilikuwa nafika nyumbani nimevimba kwa hasira, binti yangu ananitazama usoni na kuuliza, "Mama, did it die again?" Namjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo, imekufa tena, na aende akapige mswaki.

Jumamosi moja mume wangu alinilazimisha kutoka. Kulikuwa na kikao cha harusi Champlin, nyumbani kwa Watanzania wenzetu, naye alikuwa katibu wa kamati. Wanaojua wanajua. Sisi hatuoi bila kamati, na kamati haiendi bila vikao, hata kama maharusi wako Minnesota na wajomba wote wako Mbeya. Nilikaa pembeni na sahani yangu ya pilau, mawazo yote yako maabara. Mwenyekiti akaita: Chakula? Tayari, mwenyekiti. Usafiri? Tayari, mwenyekiti. Ukumbi? Tayari kabisa. Makofi. Ndipo mama mmoja aliyekuwa anamenya machungwa akauliza, bila hata kuinua kichwa, "Na chakula kitatoka jikoni kwenda ukumbini na nani?"

Watu wa chakula waliwategemea watu wa usafiri. Watu wa usafiri walijua wanabeba wageni, si masufuria. Kila mmoja alikuwa tayari, na wageni wangelala njaa.

Niliacha kula. Mume wangu akaniinamia, "Vipi, mke wangu, pilau ina chumvi?"

"Pilau haina neno," nilimwambia. "Nimepata dawa ya mashine yangu."

Jumatatu nilimwomba bosi aniachie mkutano mmoja niuendeshe kama kwetu. Akafikiri, akasema haya. Nikawasimamisha wote kuizunguka mashine mgonjwa, bila kompyuta mikononi, bila grafu. Nikawapa sharti moja: marufuku mtu kusema sehemu yake ikoje. Kila mtu aseme anamtegemea jirani yake kwa jambo gani.

Mhandisi wetu wa umeme alikuwa Mkongo wa Bukavu, aliyeletwa hapa na familia yake kama wakimbizi akiwa kijana, akasomea fani hapa hapa. Akaninong'oneza, akiuita mkutano wangu kwa Kifaransa, "Dada, hii ni réunion ya kazi ao ya ndoa?"

"Ya ndoa. Na bwana harusi anaumwa. Anza wewe."

Akacheka, kisha akageukia wenzake na kusema kwa Kiingereza kwamba ndani ya chipu hii kuna bongo ndogo nyingi, na zikikosa kazi kwa muda zinasinzia ili kuokoa umeme. Yeye aliupanga umeme akitegemea kwamba watu wa programu wataziamsha kwa zamu.

Kijana wa programu akakunja uso. "Kwa zamu? Sisi tunaziamsha zote kwa pamoja. Ndiyo njia ya haraka."

"Zote?"

"Zote."

"Mon Dieu, Mungu wangu," alisema Mkongo wangu, akakaa chini.

Hakuna aliyekuwa amekosea kwenye kazi yake. Bongo zote zilipoamka kwa pigo moja, umeme uliyumba kidogo sana, kwa muda mfupi sana, na mara chache hilo lilitosha kuiua mashine. Walibadilisha mpangilio wa kuamsha, zikawa zinaamka kwa kufuatana. Mashine ikafanya kazi nzito Ijumaa, Jumamosi na Jumapili bila kutetereka. Bosi aliitazama Jumatatu asubuhi akasema, "Si mbaya sana," na kwa mtu wa Minnesota hapo amekuvika taji.

Msidhani mambo yalinyooka. Yalitokea makosa mengine, na mwenzetu mmoja mzuri alihamia kwa wakubwa tukiwa katikati ya vita. Nilimkasirikia, kisha nikaona nina kazi ya kufanya. Kila Jumatatu tulikaa kamati. Wazungu wa watu wakazoea hata kuniita mwenyekiti.

Siku ya mashindano tulivuka mto kwenda Saint Paul na mashine yetu nyuma ya gari la bosi, imefungwa kwa mablanketi. Msimamizi wa ukumbi alikuwa mama mmoja mkavu, asiyetabasamu ili kukuridhisha. Akazipa mashine mbili kazi ile ile, kazi yake halisi ya kila siku. Yetu ilimaliza, na ya wakubwa ilikuwa bado inahangaika. Alitushukuru, akasema atapiga simu, akatufungulia mlango.

Simu haikupigwa. Badala yake, wiki iliyofuata, bosi aliingia maabara na habari alizopewa na rafiki: wakubwa wamempelekea yule mama bei mpya, ya chini sana. Nilikaa juu ya boksi. Tulikuwa tumewatisha hatimaye, na kwa kuwatisha tumekosa mteja. Jioni ile nilimwambia mume wangu aanze kuulizia bei ya kusafirisha mizigo. Hakubishana nami, na hilo liliniuma zaidi.

Kesho yake mama yule akapiga. Bosi akaweka simu mezani ili tusikie wote.

"Wamenishushia bei," alisema. "Miaka yote nimewaomba, wakasema haiwezekani. Mmekuja ninyi, imewezekana ndani ya siku chache." Nikasikia kwenye pumzi yake hasira niliyoifahamu vizuri. "Kwa hiyo miaka yote ile walikuwa wananifanya mjinga. Leteni mashine zenu. Nataka za ukumbi mzima."

Mkongo wangu alinishika mkono. Bosi alifumba macho. Hakuna aliyethubutu kupiga kelele, kwa sababu mama alikuwa hajamaliza.

"Ila nawaonya mapema," alisema. "Siku mtakapokuwa wakubwa, mkinifanyia kama walivyonifanyia wao, nitawafukuza vilevile."

Bosi akajibu kwamba ni haki yake, na simu ikakatwa. Hapo ndipo nikalia, mbele ya wote, bila aibu. Tangu niingie kampuni ile, hakuna mtu wa nje aliyewahi kutuambia kwamba tutakuwa wakubwa.