Rafiki Mwenye Kaswende

Mtoa damu wa kliniki ya mjini hugonga mshipa kwa vidole viwili, kama mgeni anayebisha hodi huku akijua wenyewe wamo ndani. "Kunja ngumi, baba," huwaambia wanaume wote, wazee kwa vijana. Wagonjwa wake ni mji mzima, na mji mzima umetumwa na rafiki. Iwe kaswende, homa ya ini au virusi, hajaonekana bado mtu aliyekuja kwa shida yake mwenyewe. "Rafiki yako ana mshipa mzuri," huwajibu, kisha sindano inazama.

Juzi aliingia baba mkwe wake, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Wakatazamana. Mzee akasema ana rafiki. "Kunja ngumi, baba," akaambiwa kwa sauti ile ile, ingawa safari hii vidole vililazimika kubisha hodi mara ya pili. Kipimo kikaonyesha kaswende. "Rafiki yako atachomwa sindano ya tako leo. Kesho amlete mkewe naye apimwe, la sivyo wataambukizana upya."

"Mkewe ataivunja nyumba, mwanangu."

"Nyumba hiyo ndimo nilimoolewa, baba. Mlete."

Kesho yake mama mkwe alitangulia kuingia, mzee nyuma yake kama mzigo uliosahauliwa stendi. Mama akaketi, akapandisha mkono wa gauni, akakunja ngumi kabla ya kuambiwa. "Na mimi, mwanangu," akasema bila kumtazama mumewe, "nina rafiki."