Nilimwambia Yuko Sawa, na Nilikuwa Nimeona Mikono Yake

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, muuguzi, na hapa Isiolo nafundisha wauguzi katika chuo fulani. Bwanangu anadhani ni presha inaninyima usingizi. Sio presha. Ni mwanafunzi mmoja, tumwite Kaltuma.

Chuoni tuna mwanasesere wa plastiki, mkubwa kama mtu, amelala kitandani. Kwa mtihani wa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mwanafunzi anafanya huku akisema: naita msaada, nakanda tumbo, nadunga sindano. Mimi nasimama na fomu, naweka tiki. Shida ni kwamba mwanasesere havuji damu. Ukisema vizuri unaonekana umefanya.

Kaltuma alisema yote, haraka, bila kukwama. Lakini mikono yake ilikuwa imelala tu juu ya lile tumbo. Hakukanda hata kidogo, na kukanda ndiko kunasimamisha damu. Niliona na macho yangu, na bado nikaweka tiki mpaka chini.

Wacha niseme ukweli. Ilikuwa Ijumaa, wa kwenda msikitini wanaangalia saa, na tena mimi ndiye nilimfunza. Angeanguka, mkubwa wangu angeniuliza nilikuwa nafunza nini. Nikajiambia nitamrekebisha kwa kile kikao cha baada ya zoezi, tunapokaa kwa duara, hakuna alama, kila mtu anasema alichofanya na alichosahau. Tukakaa. Kaltuma mwenyewe akauliza, "Mwalimu, kuna mahali nimekosea?" Wenzake wote wakanigeukia.

Nikamwambia, "Hapana, uko sawa kabisa."

Mtihani wa mwisho alipita, lakini ule ni wa kuandika. Sasa amepata kazi kwa zahanati huko kwao Korbesa. Juzi alinipigia, furaha tele, akanieleza kwamba muuguzi aliyeko anaenda likizo, kwa hivyo atabaki peke yake. Akanishukuru sana. Eti ile siku ndiyo ilimtoa uoga.

Jamani, nimeandika meseji nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Nikienda kwa mkubwa nimejimaliza, na Kaltuma pia ataitwa arudie, aibu kwa kijiji kizima. Nikimpigia yeye peke yake, nitaanzia wapi? Najichukia, na bado najionea huruma, hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.

Msiniambie niombe, nimeomba. Niambieni la kufanya, na mniambie leo, kwa sababu anaanza kazi Jumatatu. Dada yake ana mimba ya miezi tisa hapo Korbesa. Walikuwa wamepanga kumpeleka hospitali kubwa mapema. Kaltuma aliniambia akicheka kwamba dada amekataa kwenda, anasema safari ya nini na sista wa nyumbani, muuguzi wao wenyewe, yuko.